Kikohozi cha siku ya tisa: daktari anatafuta nini kifuani mwako

Watu wengi hawaendi hospitali siku kikohozi kinapoanza. Wanaenda siku ya nane au ya tisa, mafua yakiwa yamekauka, homa imeshuka, mwili umepata nguvu ya kurudi sokoni au shambani, lakini kifua bado kinakwaruza usiku kucha na waliolala chumba cha pili hawapati usingizi. Hapo ndipo mtu anajiuliza mbona haya mafua hayaishi. Hapa Tabora swali hilo lina msimu wake: kipupwe kinapoingia mwezi wa sita mpaka vumbi la mwezi wa kumi, mvua zikiwa hazijaanza, mabenchi ya zahanati yanajaa watu wanaokohoa.

Mara nyingi walichonacho ni mkamba, yaani uvimbe wa mirija inayopeleka hewa kwenye mapafu. Uko mkamba sugu, nitaugusa baadaye. Huu ninaouzungumzia ni ule wa muda mfupi, unaokuja nyuma ya mafua na kuondoka wenyewe. Kuna jambo moja la kulielewa kabla hujapanga foleni, maana bila hilo utatoka kwa daktari umenuna: kazi yake kubwa siku hiyo ni kuhakikisha kwamba huna nimonia, huna TB, huna pumu, wala moyo wako haujachoka. Akishayaondoa hayo, mkamba wenyewe hauna dawa kubwa ya kuandikiwa. Ndiyo maana watu hulalamika: "Nimelipa hela ya kumwona daktari, nikapewa panadoli." Kumbe alicholipia ni yale maswali na kile kipimo anachovaa daktari masikioni kusikiliza kifua.

Kwa nini kikohozi kinabaki mafua yakiisha

Virusi vinavyoleta mafua ndivyo hivyo hivyo vinavyoshuka kifuani. Vikifika kwenye mirija ya hewa, utando wa ndani unachubuka, unavimba na kutoa ute mwingi kuliko kawaida, na mwili unakohoa ili kuusukuma ute huo nje. Baada ya siku chache virusi vinakuwa vimeshindwa, ila utando haujapona. Ni kama ngozi iliyomwagikiwa na chai ya moto: maumivu yamekwisha, lakini ukiigusa bado unashtuka. Hewa ya baridi ya alfajiri, vumbi la barabarani, moshi wa kuni, pilipili inayokaangwa kwa jirani, kicheko kirefu, vyote vinakichokoza kikohozi upya.

Wataalamu waliozikusanya tafiti nyingi pamoja walikuta kikohozi cha namna hii hudumu kwa wastani wa siku 18. Lakini ukimuuliza mtu wa kawaida anadhani kitachukua siku ngapi, atakutajia wiki, akizidisha sana siku tisa. Katika hilo pengo la siku kumi hivi ndimo zinamouzwa dawa nyingi ambazo hakuna aliyezihitaji.

Maswali yanayoonekana hayana maana

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Isevya, tuseme ana miaka 58. Ameingia chumba cha daktari na khanga yake imefunika mdomo. Daktari ni kijana, rika la mwanawe wa tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kifua kimenishika, wiki ya pili hii. Niandikie sindano tu, vidonge nimeshakunywa."

"Pole sana mama. Ulikunywa vidonge gani?"

"Vya kifua. Vile vya rangi mbili."

"Ulikunywa vingapi?"

"Nilinunua sita, hela ndiyo ilikuwa hiyo. Halafu jirani akanipa vyake vilivyobaki."

"Na kikohozi kilianza siku gani hasa?"

"Si nimekwambia wiki ya pili?"

"Nataka siku, mama. Ilikuwa kabla ya Ijumaa ya juzi au baada?"

Mama anaona kijana anapoteza muda. Lakini swali hilo la siku ndilo zito kuliko yote aliyouliza. "Wiki ya pili" inaweza kuwa siku ya nane, inaweza kuwa siku ya kumi na nne, na kati ya hizo mbili kuna mstari. Kwa utaratibu wa nchi yetu, mtu mzima aliyekohoa wiki mbili au zaidi anachunguzwa kifua kikuu, hata akiwa anajisikia vizuri. Anayeishi na virusi vya ukimwi hasubiri hata hizo wiki mbili; kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumfanya achunguzwe. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama umepima na majibu yalikuwaje, hajaribu kukuchimba mambo yako. Jibu kweli, na kama kuna mtu wa tatu chumbani usiyetaka asikie, omba atoke. Hiyo ni haki yako.

Swali la dawa ulizokunywa nalo lina sababu. Zipo antibiotiki, siprofloksasini na ndugu zake, ambazo zinaweza kuituliza TB kwa muda bila kuiponya. Mgonjwa anapata nafuu kidogo, anarudi kazini, na ugonjwa unagunduliwa ukiwa umeshakwenda mbali. Ukificha kwamba ulipitia duka la dawa kwanza, unamnyima daktari kipande cha picha. Kama hukumbuki jina, beba pakiti au ganda la vidonge.

Halafu kuna presha. Mama wetu anaulizwa kama anatumia dawa yoyote ya kila siku, naye anasema ndiyo, ya presha. Kumbe kaptopril, enalapril na lisinopril, dawa nzuri tu za presha, humletea mtu mmoja mmoja kikohozi kikavu cha kutekenya koo ambacho hakiishi mpaka dawa ibadilishwe. Nimeona watu wakinywa chupa baada ya chupa ya dawa ya kikohozi, kumbe chanzo kimo kwenye mkoba ule ule wa dawa. Ukijitambua hapa usiiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Mwambie daktari akubadilishie.

Utaulizwa kazi pia. Anayekesha kwenye mabani ya kukaushia tumbaku kule Urambo au Kaliua, mama apikiaye kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Nzega anayevuta vumbi la mawe, hawa mapafu yao yana historia. Vumbi la mawe hasa linaongeza uwezekano wa kupata TB, hivyo mchimbaji asikae na kikohozi akisema ni vumbi tu. Na sigara, naam, utaulizwa, hata kama unavuta za kuomba.

Mengine ni ya haraka: homa, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito, damu kwenye makohozi, kama nyumbani kuna mtu mwenye TB, kama utotoni ulikuwa na pumu, kama miguu inavimba au unaamka usiku ukitafuta pumzi. Hayo mawili ya mwisho yanahusu moyo.

Mikono, masikio na kidude cha kidoleni

Watu wanapenda mashine, lakini kwenye kifua kipimo cha thamani kuliko vyote ni kuhesabu pumzi kwa dakika nzima huku mgonjwa ametulia. Mtu mzima anayepumua mara 24 au zaidi kwa dakika, au mapigo ya moyo yamepita 100, au joto limepita nyuzi 38, huyo daktari hawezi kumwambia nenda kanywe maji ya moto. Kama yote matatu yako sawa, na sauti za kifua ziko sawa pande zote, uwezekano wa nimonia unashuka sana. Ukiona daktari amekukazia macho tumboni na kifuani bila kusema kitu, usimsemeshe, anahesabu.

Kisha anasikiliza, na hasikilizi kama unakohoa, maana hilo analijua. Anatafuta tofauti: mahali pamoja ambapo sauti inatatarika kama chumvi kwenye moto wakati pande nyingine ni safi, hiyo inaelekeza kwenye nimonia. Mluzi mwembamba unapotoa pumzi unaelekeza kwenye pumu, ingawa hata mkamba wa kawaida unaweza kuuleta kwa siku kadhaa. Kile kidude cha kubana kidoleni kinapima oksijeni kwenye damu. 95 kwenda juu ni salama, chini ya 90 mgonjwa anahitaji oksijeni na haondoki kwenda nyumbani. Rangi ya kucha inaweza kukichanganya, basi wenye kucha za rangi watoe kidole kisichopakwa.

Kwa habari ya nimonia yenyewe, tuna mgonjwa maarufu katika historia ya upande wetu huu. David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu ambaye tembe lake la Kwihara, karibu na Tabora, wageni huenda kulitazama, Januari 1869 akiwa magharibi mwa Ziwa Tanganyika alishikwa na nimonia ya pafu la kulia. Aliandika kwamba anakohoa usiku na mchana, na makohozi yake yana rangi ya kutu na damu. Ikabidi abebwe kwa machela, akavushwa ziwa, akafika Ujiji Machi mwaka ule. Penisilini ilikuwa bado miaka 59 kugunduliwa. Alipona kwa bahati. Makohozi ya rangi ya kutu, homa kali, kichomi ukivuta pumzi, udhaifu wa kushindwa kutembea: hayo daktari wa leo akiyasikia anachukua hatua saa hiyo hiyo.

Picha ya kifua haipigwi kwa kila anayekohoa. Inahitajika pale dalili nilizozitaja zinapojitokeza, kwa mzee sana ambaye mwili wake hauonyeshi homa hata akiwa mgonjwa, au kikohozi kinapopitiliza wiki tatu. Kituo chako kikiwa hakina mashine utapewa rufaa, na kama hali yako haihitaji picha, kutopigwa si kupuuzwa.

Maabara

Ukiwa na homa utatobolewa kidole kwa kipimo cha malaria. Mkoa wetu ni kati ya ile yenye malaria nyingi nchini, hakuna daktari atakayeliruka hilo. Ila kuna mtego hapa. Kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona, kwa sababu mabaki ya vimelea bado yamo kwenye damu. Kwa hiyo kama ulitibiwa malaria hivi karibuni, sema. Na kipimo kikisoma malaria, kifua kisisahaulike. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Makohozi ya TB yanatolewa vibaya kuliko kipimo chochote, na kosa si la mgonjwa, ni kwamba hakuna aliyemweleza. Unapewa kikopo, unatema mate, maabara inapokea mate. Fanya hivi: sukutua kinywa kwa maji matupu, nenda mahali pa wazi penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua mpaka kitu kizito kipande, ndicho ukiteme ndani ya kikopo. Ya asubuhi ukiamka ndiyo bora. Mashine ya GeneXpert ikishayapokea hutoa jibu ndani ya takriban saa mbili, pamoja na kuonyesha kama vimelea vimeshaizoea dawa ya TB iitwayo rifampisini. Foleni ya sampuli na usafirishaji kutoka vituo vya mbali ndivyo vinavyochelewesha. Uchunguzi na matibabu ya TB ni bure kwenye vituo vya serikali. Kuambiwa utoe makohozi si kuambiwa una TB, na wengi wanaotoa hawana.

Sasa dawa

Hapa ndipo ugomvi ulipo. Mkamba wa muda mfupi unaletwa na virusi kwa zaidi ya watu tisa katika kumi, na antibiotiki haziui virusi. Zimejaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa katika nchi mbalimbali: waliozinywa kikohozi chao kilipungua kwa takriban nusu siku, katika ugonjwa wa wiki mbili na nusu. Kwa nusu siku hiyo unalipa kwa kuhara, kichefuchefu, fangasi, upele kwa wengine, na vijasumu vya mwilini vinavyojifunza kuishi na dawa ile utakayoihitaji siku ukipata nimonia ya kweli.

"Lakini mimi nikinywa azuma napona." Nakuamini. Azuma ni antibiotiki. Ulianza kuinywa siku ya kumi, ukamaliza siku ya kumi na mbili, siku ya kumi na nne kikohozi kikalegea. Kingelegea vilevile ungekunywa uji. Dawa iliyonywewa ugonjwa ukiwa njiani kuondoka hupata sifa isiyo yake.

Na makohozi ya kijani? Hii ndiyo hoja ya mwisho ya kila mtu dukani: "Yamekuwa kijani, maana yake kuna uchafu." Rangi ile inatoka kwenye chembe nyeupe za damu zako mwenyewe, ndani yake mna kimeng'enya cha kijani kinachotumika kupigana na maambukizi, ya virusi au ya bakteria. Kwa mtu aliyekuwa na afya njema kabla, rangi peke yake haitoshi kumwandikia antibiotiki.

Wapo wanaostahili antibiotiki: mwenye nimonia, mwenye kifaduro, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu uliochachamaa, na mgonjwa dhaifu sana kwa uamuzi wa daktari. Ukiandikiwa, nunua dozi kamili unywe kama ulivyoelekezwa. Vile vidonge sita vya mama yetu, na vya jirani juu yake, havikumtibu kitu.

Kama hukuandikiwa, na unahisi umeonewa, uliza. Madaktari wengi wanaandika dawa kwa sababu wanadhani mgonjwa anazitaka, na mgonjwa anazitaka kwa sababu hakuna aliyemweleza. Swali zuri ni: "Daktari, unadhani hiki ni nini, na nikikiona kitu gani nirudi?" Yapo pia mazoea mazuri ya kukupa cheti cha akiba: uende nyumbani, usinunue dawa mpaka upite muda mliokubaliana na hali iwe haijabadilika au imezidi.

Utakachokifanya nyumbani hakina maajabu. Parasetamoli kwa maumivu na homa, mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Maji na vinywaji vya moto kwa wingi, na kulala umeinua kichwa. Tangawizi na limau hazina ubaya. Kujifukiza sina imani nako sana; faida yake ni ndogo, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imewaunguza watoto wengi. Dawa za maji za kikohozi, nyingi ya zilizojaa rafuni, zina sukari na ahadi. Zenye kodeini asipewe mtoto chini ya miaka 12. Salbutamoli, dawa ya kufungua mirija ya hewa, inafaa kama daktari alisikia mluzi, la sivyo itakutetemesha mikono tu.

Asali ndiyo iliyopimwa kitaalamu ikaonekana inatuliza kikohozi cha usiku kwa watoto, na sisi Tabora hatuna haja ya kuitafuta mbali. Kijiko kidogo kabla ya kulala, na mkubwa naye asione haya. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa, hata kulambishwa: asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo kwenye utumbo mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, ikiwemo ya kupumua. Bibi asikasirike kwa hili. Mwenye kisukari naye ajue ni sukari.

Kurudi, na habari ya watoto

Rudi mapema ukianza kuhema ukiwa umekaa, ukikohoa damu, homa ikidumu zaidi ya siku tatu au nne, au ikirudi baada ya kushuka, kifua kikichoma kila ukivuta pumzi, au mzee akianza kusema maneno yasiyoeleweka. Hayo hayasubiri siku 18.

Kwa mtoto mdogo usihesabu siku, hesabu pumzi. Mwache atulie, asiwe analia wala kunyonya, mfunue kifua, tazama saa ya simu dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Miezi miwili mpaka kabla ya mwaka, 50. Mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano, 40. Akifikia hapo, au ukiona nyama ya chini ya mbavu inazama ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, mpeleke saa hiyo, iwe usiku iwe mchana. Mtoto anayekohoa mfululizo mpaka anatapika, akimaliza anavuta hewa kwa mlio mkali, huenda ana kifaduro. Beba kadi ya kliniki ili waone chanjo zake.

Na yule anayesema "mimi kifua ni ugonjwa wangu wa kila mwaka" asijihesabu kwenye makala hii. Kukohoa na kutoa makohozi kwa jumla ya miezi mitatu katika mwaka, miaka miwili mfululizo, ndio mkamba sugu niliousema mwanzoni. Huwapata zaidi wavuta sigara na waliokaa miaka na miaka kwenye moshi wa majiko na mabani. Akifika kwa daktari aanze na maneno hayo, kwamba huu ni mwaka wa pili au wa tano, asiseme "nina mafua." Atapimwa TB kwanza, kisha atatafutiwa mahali penye kifaa cha kupulizia kinachopima nguvu ya mapafu.